Fundi Nanzala na gunzi lililokosekana

Saa moja na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye mabati ya gereji, na Nanzala Wanyama anahesabu magunzi ya mahindi. Anahesabu kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukutani kuna misumari minane. Magunzi ni saba.

Anahesabu tena. Saba.

Mbele yake, juu ya fremu ya chuma, imekaa injini ya petroli iliyotolewa kwenye Hiace iliyobingirika mwaka jana. Imeoshwa kwa dizeli hadi ikang'aa. Sili za kuzuia oili isivuje zimebadilishwa, na bakuli lake la oili limekatwa na kuchomelewa upya ili lienee ndani ya Peugeot 404 ya mwaka wa 1968 inayongoja pembeni, boneti wazi, tumbo tupu.

Saa nne mwenye gari anakuja kuisikia injini ikinguruma kabla haijaingizwa. Isiponguruma, ataipakia kwenye pikapu aipeleke kwa fundi mwingine kule Nakuru. Amelisema hilo mara mbili, na si mtu wa maneno mengi.

"Moja iko wapi?" Nanzala anauliza.

Anainama, anatafuta chini ya fremu.

Mama huyu mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Kimilili, ametengeneza injini mjini Eldoret kwa miaka kumi na tisa. Kabla ya kuosha injini, huziba matundu yake kwa magunzi: manne upande wa kuingiza hewa, manne upande wa kutoa moshi. Hapo maji na mchanga havipiti. Kila gunzi likitoka, hurudi kwenye msumari wake. Wenzake hutumia vitambaa. Yeye hataki hata kukiona kitambaa karibu na injini.

Sababu anayo. Mwaka wa 2021 alisahau kitambaa ndani ya injini ya lori la mwenye kinu cha kusaga unga. Lori lilikwenda kilomita mbili tu.

"Nilipigiwa simu," anasimulia. "Mtu akaniambia, 'Mama, kuna kelele huku kama sufuria zinapigana.' Nikajua ni mimi."

Miezi minne hakuna aliyemletea hata pikipiki. Aliuza mboga za sukuma wiki mtaani Huruma, akipata shilingi mia mbili kwa siku, mia tatu Mungu akimkumbuka. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Peugeot hiyo ni ya Mzee Kigen, mwalimu mstaafu wa miaka 71, ambaye kwa miaka mingi amelima mahindi katika eneo la Ziwa, nje ya Eldoret. Aliinunua mwaka wa 1979. Injini yake ya kwanza ilikata roho karibu na Cheptiret, na spea hazikupatikana. Mafundi wawili walimwambia injini ya aina nyingine haiwezi kukaa mle. Nanzala alipima kwa kamba, akapima tena, akasema itakaa, ila polepole.

Wiki tatu zimepita. Mzee amechoka na polepole.

Jana jioni ndipo mambo yalipoharibika. Mvua ya mawe iliwashukia ghafla. Nanzala alikimbilia turubai lisipeperuke, na Byron, fundi wa miaka 28 anayeshirikiana naye, akabaki kutoa magunzi na kufunga mabomba ya hewa na ya moshi mbio mbio.

"Byron, uliyatoa magunzi yote?" Nanzala anamgeukia sasa.

"Nilitoa, Mama Collins," Byron anajibu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Ulihesabu?"

"Mawe inanipiga kichwani, nihesabu aje?" Byron anatazama huku na huku, kisha anamnyooshea kidole Linet, muuza chai wa pale langoni, ambaye huwasha jiko lake kwa magunzi. "Muulize huyo! Gunzi yetu ndiyo imechemsha hii chai."

"We Byron, koma kabisa!" Linet anashika kiuno. "Mimi nanunua gunia nzima. Niibe moja, tena inanuka dizeli, ndio chapati zangu zikuwe na ladha ya lori?"

Gereji nzima inacheka. Nanzala hacheki. Moyoni anaomba Linet awe mwizi kweli.

"Tuwashe tu," Byron anasema. "Kama iko ndani, itatoka na moshi."

"Na kama iko upande wa hewa?"

Gunzi likivutwa na hewa, vipande vyake huizuia vali isifunge, na pistoni ikipanda huigonga. Hapo hakuna tena injini.

Saa nne kasoro dakika tano, Mzee Kigen anaingia na koti lake la kanisani. Nyuma yake kuna pikapu, na dereva ameshaandaa kamba.

"Mama, iko tayari?"

"Ningeweza kusema ndiyo," Nanzala atakiri baadaye. "Pengine ilianguka tu kwa matope. Ningewasha, nikaomba Mungu."

Lakini anasema, "Mzee, siwashi. Kuna gunzi moja siioni. Lazima nifungue."

"Gunzi gani?"

"Ya mahindi."

"Nimelima mahindi miaka arobaini. Hii ndiyo mara ya kwanza nasikia yamezuia gari."

Dereva wa pikapu anaangua kicheko.

"Nipe saa moja, ama uipakie," Nanzala anasema. "Ila ukiipakia, huyo wa Nakuru umwambie asiwashe kabla hajafungua."

Hangoji jibu. Spana tayari iko mkononi. Nati ya kwanza inamponyoka, Byron anaidaka. Saa tano kasoro robo mabomba ya hewa yanatoka.

Tundu la kwanza, tupu. La pili, tupu. Kwenye la tatu anaingiza kidole, anakutana na kitu laini.

Limo. Bomba lililisukuma ndani likakatika, likanywa maji ya mvua, likavimba. Analivuta kwa koleo, linatoka vipande viwili. Anaviunganisha kiganjani kama mtu anayeunganisha kikombe kilichovunjika. Kwenye ncha panakosekana kipande kama punje moja.

"Mama Collins, nisamehe," Byron ananong'ona.

"Shika tochi."

Anapaka grisi kwenye ncha ya waya, anaizamisha tunduni polepole, anatoa, anazamisha tena. Mara ya sita, kipande kinanasa. Saa tano na dakika ishirini.

Mzee amesogea karibu bila kuitwa. "Ungewasha ingekuwaje?"

"Ungebeba chuma chakavu mpaka Nakuru." Nanzala anajifuta jasho. "Saa niliyoomba imepita, Mzee. Kama unaipeleka, tutakusaidia kuipakia."

Mzee anamgeukia dereva. "Wewe nenda. Nitakulipa mafuta yako." Kisha anatafuta kreti, anaigeuza, anakaa. "Endelea, Mama."

Saa nane mchana injini inakohoa mara mbili, ya tatu inashika. Byron anapiga ukelele. Nanzala anainua mkono anyamaze. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, na kwa dakika kumi hatabasamu hata kidogo.

Alhamisi injini itashushwa ndani ya Peugeot. Bado kuna waya za kompyuta ya injini za kupitisha ndani ya gari, na bado hajui gari la zamani litazibebaje nguvu mpya likikutana na mlima. Usingizi wake, anasema, ni wa vipande vipande.

Mipango ikienda sawa, Jumapili Mzee Kigen ataliendesha mwenyewe hadi Ziwa akiwa na mkewe, na Nanzala ameomba aende nao, sanduku la spana magotini.

"Mbele akae mke wake, amengoja sana," anasema. "Mimi niwekeni nyuma. Wao wapige hadithi. Mimi nitakuwa nasikiliza injini."