Ua Nililolishona Kebirigo

Haya ninayowaambia sijamsimulia hata mke wangu, maana mpaka leo nikipita Kebirigo siku ya soko nateremsha kofia usoni.

Enzi za ukoloni, nikiwa kijana wa fundi cherehani wa Kisii mjini, niliajiriwa ukalimani na mama mmoja Mzungu aliyekuwa akikusanya mimea, anayejua Kiswahili lakini si Ekegusii (Kiswahili ndicho cha nyumbani kwa baba, Ekegusii nilinyonya kwa mama). Memsahib huyo alikuwa ameona majani ya mmea fulani wa miiba, jamaa ya mbaruti, akawa na hakika haujaandikwa katika kitabu chochote, ila ua lake hakuwahi kuliona. Mguu ukamteguka, basi akanituma mimi milimani Ikonge na Mama Moraa, mkulima aliyejua unapoota. Tukapata shina moja tu lenye ua, jeupe pee, nikalikata.

Tulipoagana na Mama Moraa nikaingia hotelini Kebirigo kunywa chai, shina nimeliegemeza mlangoni. Kikombe kimoja tu, wallahi. Natoka, nakuta mbuzi anatafuna, ua halipo.

Ningesema ukweli ningegombezwa yakaisha. Lakini nilikuwa nimesifiwa sana wiki ile na sifa zimenilevya, basi nikachuma ua la zambarau la mbaruti wa kando ya njia, nikatoa sindano (mtoto wa fundi hatembei bila sindano), nikalishona kwenye lile shina kwa uzi wa kijani, fundo nikalificha chini ya miiba.

Memsahib aliupokea mmea kwa mikono miwili. Siku tatu akachora, akapima, akaandika kurasa na kurasa, akisema hajapata kuona majani kama yale yakibeba ua kama lile (na wapi angeliona!). Mimi naitikia tu.

Siku ya soko akaketi katikati ya watu awaulize mmea huo unaitwaje kwa Ekegusii. Mama Moraa akajitokeza, akaugeuzageuza, akasema kwa Ekegusii kwamba ua tulilokata lilikuwa jeupe, na hili limeshonwa. Memsahib akaniuliza anasemaje.

"Anasema ni ua zuri sana," nikajibu.

Waliojua Kiswahili wakacheka, wakawatafsiria wasiojua, kicheko kikaanza upya. Mama Moraa hakucheka. Akauvuta uzi taratibu, ua likamwangukia memsahib mapajani.

"Saidi," akasema memsahib kwa sauti ndogo, "sasa niambie alichosema. Neno kwa neno."

Nikamwambia neno kwa neno, mbele ya soko zima, nikiikalimani aibu yangu mwenyewe. Akazichana karatasi zake za siku tatu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ilimbidi angoje mwaka mzima mmea uchanue tena. Ukachanua, akauandika, na kweli ulikuwa mmea mpya, lakini safari hiyo alipanda mlimani na Mama Moraa na mkalimani mwingine. Tangu hapo, nikiharibu kitu cha mtu nampelekea hivyo hivyo kilivyoharibika, na namwambia kabla hajanikaribisha kiti.