Nukta ya Sulfate ya Shaba

Nilipokuwa msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, pale Kabambare, mwalimu wetu wa kemia alituacha katikati ya somo. Hakugombana na mtu. Alituandikia ubaoni sulfate ya shaba, ile chumvi ya bluu, pamoja na maji yake, akatuambia tutafute masse molaire, yaani uzito wa moli yake moja. Kesho yake hakuja. Tukasikia ameenda Lusangi kuchimba dhahabu, kwa sababu ualimu haukumlisha tena.

Hakuna aliyefuta ubao. Kila asubuhi nilikuta CuSO₄·5H₂O inaningoja. Uzito wa atomu tulikuwa nao: shaba 63,5, salfa 32, oksijeni 16, hidrojeni 1. Sehemu ya kwanza, yenye oksijeni nne, ilinipa 159,5. Maji, mara tano ya 18, yalinipa 90. Katikati kulikuwa na ile nukta, na kwenye hesabu nukta ni kuzidisha, basi nikazidisha. Nikapata gramu zaidi ya elfu kumi na nne.

Jibu hilo lilininyima raha. Moli moja ya maji ni funda moja tu la kinywa. Iweje moli moja ya chumvi iwe nzito kama kapu la muhogo? Niliuliza wenzangu, wengine walizidisha kama mimi, wengine walijumlisha, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Mtihani wa serikali ulikuwa unakaribia. Nyumbani nilianza kutwanga sombe, majani ya muhogo, nikaacha mchi ndani ya kinu, nikaenda kuchora nukta kwenye majivu.

“Wewe, unawashwa na nini?” mama akaniuliza.

Nikasema nataka kwenda Lusangi kumtafuta mwalimu. Mama alikataa. Baba, ambaye alikuwa mkulima na aliacha shule angali mdogo, aliendelea kunoa jembe, halafu akasema, “Kule kwenye mashimo hauendi peke yako. Tutaenda sote.”

Tulipanda pikipiki moja, mimi katikati ya dereva na baba. Mvua ilikuwa imeharibu njia, na mara kwa mara tulishuka kusukuma. Mwalimu tulimkuta ndani ya maji mpaka kiunoni, ameshika karai. Aliponitambua alishtuka.

“Mutoto wangu, unatafuta nini huku?”

“Prof, ile nukta ni ya kuzidisha?”

Baba akanigusa bega. “Salimia kwanza.”

Mwalimu akacheka, akatoka majini, akaokota kijiti na kuandika kwenye matope. “Hapana, si ya kuzidisha. Inasema tu chumvi hii iko na maji ndani yake. Unajumlisha: 159,5 na 90, unapata 249,5. Ukiichoma, maji yanaenda, rangi ya bluu inaisha, inabakia nyeupe.”

Nilidhani nikipata jibu nitatulia. Badala yake wasiwasi ulizidi. Kama neno dogo namna hiyo lilitutesa darasa zima, ni mangapi mengine tungeingia nayo mtihanini bila kuyajua?

“Prof, rudi,” nikamwambia.

“Nirudi, nile nini? Bibi yangu iko na mimba, analima peke yake nyuma ya shule yenu.”

Baba akauliza, “Lile shamba la mpunga, karibu na kisima?”

“Ndiyo, papa.”

“Nitalilima mimi. Wewe kuja kila Jumamosi ufundishe hawa watoto.”

Mwalimu aliwatazama wenzake shimoni, akamtazama baba. “Na shamba lako, papa?”

“Hilo ni langu. Nitaliona mwenyewe.”

Jumamosi ya kwanza sikuweza kukaa. Nilisimama barabarani, nikirudi mlangoni, nikienda tena, mpaka jua likapanda sana, ndipo akatokea, suruali imejaa udongo mwekundu. Alitufundisha kwa haraka, kama mtu anayefukuzwa. Na dirishani nilimwona baba akilima shamba la mwenzake. Alikuwa akisimama, anashika mgongo, anainama tena. Mwalimu alipotupa Ca(OH)₂ tutafute uzito wake, niliona ile mbili lakini nikazidisha hidrojeni peke yake. Nikapata 58.

“Kila kilicho ndani ya mabano kinazidishwa, oksijeni na yenyewe,” mwalimu akasema. “Ni 74. Angalia ubao, si dirisha.”

Nikaangalia ubao. Jembe nililisikia hata hivyo.

Alikuja karibu kila Jumamosi, mpaka tulipoondoka kwenda Kasongo kufanya mtihani. Sulfate ya shaba haikuulizwa. Yaliulizwa mengine, nikayafanya. Kisha tukangoja matokeo. Wiki zile sikumbuki nilikula nini. Radio ilipotangaza nilikuwa nimesimama uani, na jina langu lilisomwa upesi hivi kwamba nilimwomba jirani aniambie kama na yeye amelisikia.

Nilikuwa nimefaulu. Wenzangu kadhaa hawakufaulu. Mke wa mwalimu alijifungua salama na akavuna mpunga wake, lakini mwalimu mwenyewe alibaki Lusangi, na mwaka uliofuata darasa letu halikuwa na mtu wa kulifundisha kemia. Nilisoma ualimu kule Kasongo nikiwa na jambo hilo kichwani. Sasa mimi ndiye ninayefundisha somo hilo Kabambare.

Siku ile ya matokeo nilikimbia mpaka shambani kwetu. Baba alikuwa anang’oa karanga. Alikuwa amezipanda kwa kuchelewa, na mashina mengi yalitoka na maganda matupu. Nilimwambia nikiwa bado nahema. Alijipangusa mikono, akanishika kichwa kwa viganja vyote viwili.

“Kaa chini kidogo, mama,” akaniambia mimi binti yake. “Pumzika.”

Sikuweza kukaa. Nikainama kwenye mstari wake, nikaanza kung’oa.