Fimbo ya Kaboni Yaenda Posa Chanika

Safari hii niliifanya kwa sababu mpwa wangu Baraka alitaka kuoa, na kwa sababu mimi ndiye mjomba pekee mwenye gari. Ushenga si kazi ya kukataa. Shida ilikuwa zawadi. Binti anayemtaka, Asteria, ni muuguzi, na baba yake, Mzee Kasian, ni mchongaji wa vinyago vya mpingo, mtu wa Newala aliyehamia Chanika na patasi zake na ukali wake. Kijana mmoja alishapeleka posa pale, akakataliwa kabla mshenga wake hajakaa. Sasa Baraka alitaka nimpelekee mzee huyo, aliyeshika mti tangu utotoni, fimbo ya kutembelea. Na fimbo yenyewe si ya mti.

Mwananyamala ndiko nilikoanzia, asubuhi, kwenye karakana ya baiskeli ya Baraka. Alinikabidhi boksi refu, jepesi mno, nikadhani amesahau kutia fimbo ndani. Nikalitikisa. Akacheka, akalifungua. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ukiikaribia unaona msuko kama wa mkeka. Akanieleza kwamba ni nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele, zinazofumwa kama kitambaa, zikaloweshwa gundi na kuokwa kwenye tanuri mpaka zikawa kitu kimoja kigumu. Haina kutu, hailiwi na mchwa. Alinitajia baiskeli za mashindano, fimbo za kuvulia samaki, droni zile za kupigia picha harusi, mpaka nyayo za miguu ya bandia. Nilimsikiliza kwa heshima. Mimi nauza nondo na saruji, na kwangu kitu kisichouma bega bado hakijakamilika.

"Mjomba, mambo mawili tu," akasema. "Asiipige panga ubavuni, hii haipindi kwanza, inapasuka. Na asiipeleke kwenye nyaya, inapitisha umeme."

Nikamuuliza kwa nini tusipeleke blanketi kama watu wengine. Akasema Asteria mwenyewe ndiye aliyeichagua, na nisiulize zaidi. Vijana wa siku hizi wanakutuma halafu wanakuwekea mipaka.

Nilipofika Mtoni nilipita dukani kwangu kumchukua mke wangu, Mama Neema. Alilipima boksi mkononi, akaniuliza kama tunakwenda kuposa au kupeleka upepo. Neno hilo liliniingia. Nikapakia mfuko wa saruji kwenye kirikuu, kigari changu cha mizigo, ili posa yetu iwe na uzito. Mke wangu akasema mzee atadhani tumekuja kujenga choo. Nilifunga turubai, nikawasha gari.

Njiani, tulipopita Gongo la Mboto, mke wangu aliitoa fimbo kwenye boksi akawa ananionyeshea mashimo ya barabarani, na kila aliponionyesha nilikuwa nimeshaingia. Tulifika Chanika tumetapakaa vumbi na hatusemezani.

Nyumbani kwa Mzee Kasian tulimkuta uani, chini ya kibanda cha mabati, amezungukwa na magogo. Tukamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mkewe, Mama Asteria, akatukaribisha vigoda na chai. Nilieleza ujio wetu kwa maneno niliyoyapanga tangu juzi, kisha nikatoa fimbo kwa mikono miwili.

Mzee aliipokea, na mkono wake ukaruka juu, maana alikuwa amejiandaa kupokea mpingo. Akaitazama. Akanitazama.

"Nimekaa na wachongaji miaka mingi," akasema taratibu. "Nawafahamu wanaochukua mti mweupe wakaupaka kiwi ya viatu, wakamuuzia mzungu wakisema mpingo. Sasa nyie mmekuja kuniuzia mimi?"

Nilihisi posa ikiporomoka. Nilianza habari za nyuzi na tanuri, nikazichanganya, mke wangu akanirekebisha, nikamrekebisha yeye. Mzee hakutusikiliza. Alisogea kwenye pipa la maji, akaitumbukiza fimbo. Mpingo huzama. Fimbo yetu, yenye uwazi ndani, ilielea, ikazunguka zunguka kama inatutafuta. Akalowanisha kitambaa akaisugua kwa nguvu, akijua kiwi itatoka. Kitambaa kilibaki cheupe. Hapo akakunja uso, akanyoosha mkono kwenye panga.

"Mzee, tafadhali, si kwa panga," nikasema, na nikaona aibu kwa sauti niliyoitoa. Ikabidi niseme ukweli wote, kwamba ubavuni haipendi kukatwa, na tena asiangulie embe karibu na nyaya kwa sababu inapitisha umeme. Mke wangu alinikanyaga mguu, lakini neno lilishatoka.

"Fimbo ya posa inayopitisha umeme," mzee akamwambia mkewe, kama anayemwitia shahidi. Kisha akanigeukia. "Wewe ni mtu mnene. Iegemee."

Nikasimama, nikaishika, nikaitupia mwili wangu wote, na kwa hofu nikainua na mguu mmoja. Haikulia, haikutetereka. Kilichozama ni kitako chake cha mpira kwenye udongo, na ilibidi Mama Asteria anisaidie kukichomoa. Mzee akaichukua, akasema anakwenda kuijaribu mpaka getini.

Tukasubiri. Chai ikapoa. Mama Asteria alichungulia getini, akarudi, akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Ndipo akatuambia. Goti la mzee liliharibika zamani, na fimbo aliyojichongea mwenyewe ya mpingo ni nzito kama mchi, imemchosha bega. Lakini mchongaji gani atakubali kwamba fimbo yake inamshinda? Kwa hiyo aliacha kutoka. Watu wakiuliza, anasema ana kazi nyingi. "Sasa hivi yuko kwa jirani wa tatu," akasema. "Anaionyesha." Hapo nikaelewa kwa nini Asteria aliichagua mwenyewe.

Mzee alirudi anatoka jasho, uso umekunjuka. Akakaa, akajikumbusha ukali wake, akatangaza kwamba jambo la binti si la mtu mmoja, lazima awasikilize ndugu zake wa Newala, na huenda ikachukua miezi.

"Ni haki yenu, Mzee," nikasema, nikanyoosha mkono. "Basi fimbo turudi nayo mpaka ndugu waseme."

Akaivuta fimbo, akaiweka katikati ya magoti, akaikumbatia kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu nawafahamu," akasema. "Watakubali."

Kurudi Mtoni tuliingia jioni, mke wangu akiimba, na mfuko wa saruji ukiwa nyuma vilevile, maana hakuna aliyeuulizia. Nilijifunza kwamba si kila zawadi inapaswa kumlemea anayeipokea. Baraka alikuwa dukani ananisubiri, uso umemsawijika. Nikamwambia mzee amekubali, na kwamba wakati wa kuagana aliagiza mpini wa tezo, kishoka chake cha kuchongea, wa kitu hicho hicho. Baraka akasema mpini wa namna hiyo haupo, hakuna anayeutengeneza. Nikamwambia ana muda mpaka siku ya ndoa.