Pikipiki ya Zahanati Iliyovuja Kila Upande

Kabla hajawa mkulima wa muhogo, Jumanne Mnalima alikuwa mtia mafuta wa treni. Katika reli iliyotoka Mtwara kwenda bara, kwenye mashamba ya karanga, kazi yake ilikuwa kuzunguka na kopo lenye mdomo mrefu, akitonesha oili kila palipokuwa na chuma kinachosuguana na chuma. Reli ilipong'olewa akafungua banda la kutengeneza baiskeli pale Chuno, mjini Mtwara. Kisha zikaja zile siku za watu wote kuhamia vijijini, naye akajikuta kijiji cha Ziwani na mkewe Saumu na binti yao Somoe, akilima muhogo chini ya mikorosho ambayo hakuipanda yeye. Lakini sifa ya ufundi ilimfuata. Baiskeli, cherehani, pampu ya maji, vyote viliishia barazani kwake.

Ndiyo maana Nesi Rozalia alipoona soksi yake imelowa oili, hakuwa na pengine pa kwenda. Alikuwa muuguzi na mkunga wa zahanati, mwanamke mrefu aliyevaa suruali ya kaka yake chini ya gauni jeupe, na pikipiki ya zahanati ndiyo iliyompeleka kwa wazazi wa vijiji vya upande wa mto Ruvuma, kwenye mchanga ambao gari lilikwama.

"Mzee Jumanne, inavuja."

"Wapi?"

"Kama ningejua ningekuja kwako?"

Jumanne akapiga magoti. Tumbo lote la injini lilikuwa limelowa, vumbi limegandamana na oili kama uji ulioungua. Pikipiki ile ilinywesha injini na gia boksi oili moja, kwa hiyo hata kunusa na kuonja hakukumwambia imetoka chumba gani. Akaona tone limening'inia chini ya gia boksi, upande wa mnyororo. Akasema hapo ndipo. Akafungua sproketi, lile gurudumu la meno la mnyororo, akaikuta sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, imekakamaa, akatia nyingine aliyoipata kwenye pampu mbovu. Akafunga, akafuta mikono, akaridhika.

Wiki haikwisha, Rozalia akarudi. Safari hii ilivuja upande wa klachi.

Jumanne akafungua upande wa klachi. Akachora gasketi kwenye karatasi ngumu ya boksi la sabuni, akaikata kwa mkasi wa Saumu, akaipaka grisi na kukaza boliti moja moja kwa kupishanisha kama alivyofundishwa relini. Ikakaa kavu siku mbili. Kisha ikavuja chini ya silinda, na pale kwenye mhimili wa kiki, na Rozalia aliapa kwamba hata upande wa mnyororo kumelowa tena.

Hapo Jumanne akachanganyikiwa. Alikuwa amezoea chuma kuwa na adabu: ukiziba pale kinapovuja, kinaacha kuvuja. Hiki ukikiziba huku kinatokea kule. Aliketi barazani akiitazama ile pikipiki, na kila alipodhani ameshika wazo, linateleza. Labda boliti amekaza mno. Labda hakukaza. Labda oili yenyewe ni nyepesi. Labda macho yake yamezeeka.

Mwenyekiti wa kijiji, Selemani Nandonde, akapita kumwona. Oili ya zahanati ilikuwa imeletwa kwa taabu, na dukani haikuwepo kabisa.

"Ndugu Jumanne," alisema akiwa amesimama, hakukubali kiti, "oili inaisha. Watu wanauliza inakwenda wapi."

"Inamwagika njiani, Ndugu Mwenyekiti."

"Inamwagika, na wewe ndiye fundi. Siku hizi kuna watu wanaoitwa wahujumu uchumi. Sisemi ni wewe. Nasema watu wanauliza."

Baada ya Mwenyekiti kuondoka, Jumanne hakuweza kula. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye hakujua ajitetee vipi. Angesema nini? Kwamba amebadilisha kila kitu na hajui kinachotokea?

Asubuhi akaiosha injini yote kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa tambara, kisha akaingia jikoni akatoka na bakuli la unga wa muhogo.

"Baba Somoe, unga wangu!" Saumu akapiga kelele.

"Nitakutwangia mwingine."

Akaupaka unga ule kwenye injini na gia boksi mpaka pikipiki ikawa nyeupe. Palipo na tundu, unga ungelowa kwanza hapo. Akaiwasha ikiwa kwenye stendi, akaiacha ingurume. Unga ukabaki mkavu, mweupe, kama unamcheka.

Rozalia alikuwa anasubiri. Kulikuwa na mama aliyekaribia kujifungua kijiji cha tatu, na alitaka kumwona siku ile.

"Basi nitapanda nyuma yako," Jumanne alisema. "Wewe endesha, mimi nitaitazama."

Wakaondoka hivyo, Rozalia mbele, Jumanne nyuma ameinamisha kichwa ubavuni kwake kama mtu anayetafuta shilingi chini. Wanawake waliokuwa wanaanika muhogo wakacheka mpaka wakaketi. Hakuwajali. Kwenye tambarare, unga ulikaa mkavu. Walipoanza kupanda mlima wa mchanga, injini ikiunguruma kwa nguvu, akaona alama nyeusi chini ya silinda. Kisha kwenye kiki. Kisha upande wa klachi. Zote kwa pamoja, kama zilizopeana ishara.

"Simama! Simama, Nesi!"

Akaruka chini. Matundu matatu hayawezi kutoboka kwa dakika moja, hilo alilijua. Lakini kama si tundu, ni nini? Akataka kuangalia kama oili imepungua, akashika kifuniko cha kujazia kwa tambara na kukizungusha. Kikapiga fyuuu! na kuruka mkononi, na moshi wa oili ukampiga usoni.

"Imejaa hewa," Rozalia alisema. "Kwani huwa inapumulia wapi?"

Jumanne akagundua kwamba hajui. Akaanza kupapasa. Juu ya injini, nyuma ya boksi la betri, akakuta mpira mwembamba ambao alikuwa ameupita kila siku akidhani ni wa petroli. Akaufuata mpaka ncha yake. Ncha ilikuwa ngumu kama jiwe. Nyigu wale wanaojenga kwa udongo walikuwa wameuziba, na akakumbuka kwamba petroli ilipoadimika mwaka uliopita, pikipiki ilikuwa imelala miezi mizima nyuma ya zahanati. Akauchomoa, akauzibua kwa njiti ya baiskeli aliyokuwa nayo kwenye mfuko. Udongo ukatoka, na buibui wakavu waliowekwa na nyigu, na mabawa. Kumbe hewa iliyokosa pa kutokea ndiyo iliyokuwa ikiisukuma oili nje kila penye upenyo, hasa injini ilipojikaza mlimani.

Akaurudisha, akafuta injini, akapaka unga uliobaki, aliokuja nao umefungwa kwenye kitambaa. Wakapanda mlima uliobaki, wakafika kwa yule mama, na Jumanne akakaa nje juani akiitazama pikipiki mpaka kilio cha mtoto wa kiume kikasikika ndani. Unga ulikuwa mkavu.

Mwenyekiti Nandonde alionyeshwa ule udongo. Aliugeuza mkononi, akauliza kama nyigu ni wa hapa hapa kijijini, akaondoka. Hakusema pole. Lakini wiki iliyofuata alileta taa yake ya karabai itengenezwe.

Jioni ya siku ile ya safari, Saumu alimwekea mumewe ugali na kisamvu. Jumanne alikata tonge, akalishika bila kulila.

"Mama Somoe, sasa ile sili niliyoitoa, na zile gasketi, zilikuwa mbovu au zilikuwa nzima?"

"Pikipiki inakwenda?"

"Inakwenda."

"Basi kula."

Akala, lakini polepole, paji la uso limekunjamana.