Kahawa ya Mama wa Mikelenge

Asubuhi moja juma lililopita nilikaa kwenye kibanda cha mama anayeuza kahawa hapa Mikelenge. Wateja tulikuwa wawili tu, mimi na fundi cherehani mzee. Nikamuuliza, "Papa, mbona hauendi mkahawa mupya wa kampuni? Wenzako wote wako kule."

Akazungusha kikombe mkononi. "Wakati wa vita mutoto wangu alikufa, na watu waliogopa kutoka. Huyu mama peke yake njo alikuja na birika yake, akakaa na sisi kwenye kilio."

Mama alisikia, akageukia moto. "Kunywa, papa, itapoa. Mwisho wa mwezi nafunga. Wateja wameisha."

Mzee alimnyooshea kikombe amjazie tena.

Mkahawa mpya una feni na viti laini. Lakini mle ndani hakuna mhudumu anayejua mzee alimzika nani.