Filamu ya Wanawake wa Nyumba Moja

Jumapili, Novemba. Mvua ya hapa Bruxelles, ile isiyonyesha vizuri wala kukatika.

Binti yangu Grâce ameikuta kwenye simu ile filamu ya zamani ya Kifaransa, ya wanawake wanaoishi pamoja na kugombania bafu. Shule yangu ni ndogo, sijui kama nitaandika vizuri, lakini bon, najaribu.

Enzi zetu mtaa wa Saint-Gilles, hapa hapa Bruxelles, Maman, Maman Furaha na Tantine Zawadi, wote wa Bukavu, walikodi nyumba moja, na televisheni moja. Kila Jumapili baada ya misa, kaseti ile ile ya filamu hii. Kifaransa cha mbio kiliwashinda, donc Maman Furaha alitafsiri, kama watafsiri wa sinema za video kule kwetu. Ila alitafsiri mambo yetu sisi. Mzungu wa watu akifungua mdomo tu: "Ule mwenye anaacha sufuria ya bugali bila kuosha, ajue hapa hatuna boyi!" Tantine Zawadi anaijibu televisheni: "Na ule mwenye anamaliza maji ya moto, yeye ni samaki?" Tulicheka mpaka jirani wa chini anagonga dari na ufagio.

Wiki moja Maman na Tantine wakagombana kweli, sababu ya sufuria hiyo. Kusema haki, wote wawili walikosa. Tantine akafunga sanduku, anahamia Anderlecht kwa binamu yake. Mimi, mtoto, nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Nilimshika koti, sikuliachia.

Jumapili Tantine akakaa na koti lake mwilini, akingojea gari la binamu. Kwenye filamu, mwanamke anatoka na sanduku, mwenzake anamwita mlangoni. Kabla Maman Furaha hajatafsiri, Maman akamkata, macho kwenye televisheni:

"Anasema: Zawadi, sufuria nitaosha miye. Vua koti, sombe iko kwa moto."

Tantine akamuuliza yule mzungu wa kwenye televisheni: "Na maji ya moto?"

"Anasema, utaanza kuoga weye," Maman akatafsiri.

Koti likavuliwa.

Leo Kifaransa nakisikia. Kumbe yule mwanamke anakwenda likizo tu, mwenzake anamkumbusha mwavuli! Nikamtafsiria Grâce kwa njia ya Maman, Mungu amlaze pema. "Mais maman, hajasema hivyo!" Watoto wa sasa wanaelewa kila neno, ila kila mutu na simu yake, masikio yamezibwa, televisheni haina wa kuijibu. Labda nawaonea. Grâce ameniomba nirudie pale pa koti.

Jioni tumekula bugali na sombe, majani yetu ya muhogo, na Tantine Zawadi aliyekuja toka Jette. Sufuria ameiacha bila kuosha, kama zamani.