Ngozi Tano za Yihye Tanami

Kwa miaka thelathini na mmoja Rumia Tanami aliishi Nahlaot, Yerusalemu, katika nyumba ya kupanga yenye milango mitano ya kuwekewa mezuza. Choo hakihesabiwi, na stoo ilikuwa ndogo hata sheria haikuitambua kuwa chumba. Milango mitano, basi, na kwenye mwimo wa kulia wa kila mmoja, pale theluthi ya juu inapoanzia, kilipigiliwa kijumba cha mbao, wima, kwa desturi ya Wayemeni. Ndani ya kila kijumba mlikuwa na ngozi iliyoviringishwa, yenye aya za Torati, ndiyo mezuza yenyewe. Ngozi zote tano ziliandikwa na mumewe, Yihye.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Yihye. Rumia ndiye aliyempikia wino, na ndiye aliyewafukuza watoto wa majirani mume akiwa mezani, kwa maana herufi za mezuza huandikwa kwa mfuatano. Iliyosahauliwa haiwezi kuja kuchomekwa baadaye, na ngozi nzima huwa batili. Watoto wao wenyewe Mungu hakuwajalia. Miaka sita kabla ya kufa, Yihye aliweka kalamu chini ghafla. Alisema ni mgongo. Akawa mtunza sinagogi, akifagia na kuwasha taa, mpaka alipofariki mwaka ule wa theluji kubwa.

Miaka miwili baadaye mwenye nyumba aliuza. Rumia akaamua kuhamia Rosh Haayin, karibu na dada yake Badra. Vyombo alivifunga upesi, lakini kila akipita mlangoni na kunyanyua mkono kugusa mezuza, mkono ulikuwa mzito kushuka. Sheria aliijua: Myahudi akihama akampisha Myahudi mwenzake, habandui mezuza. Hata hivyo alikwenda kwa Rabi Badihi.

"Hazibanduliwi, mama," rabi alisema. "Wazee wetu wanasimulia habari za mtu aliyeondoka nazo, akazika mke na wana wawili."

"Mume nimeshamzika, watoto sina. Nitamzika nani, rabi? Paka?"

Rabi aliuma midomo asicheke. "Unazitakia nini?"

"Ni mkono wa Yihye. Hao wanaoingia hawamjui. Ngozi yoyote halali itawatosha."

"Haya, hapo umesema neno. Tangu afe zimekaguliwa?"

"Bado."

"Basi zibandue upeleke zikakaguliwe, na siku hiyohiyo weka nyingine halali mahali pake. Hutakuwa umemwachia mtu mlango mtupu."

Mkaguzi alikuwa Menashe Kafra, aliyejifunza uandishi kwa Yihye. Alimpa Rumia ngozi tano za kuweka nyumbani, na Rumia alipozipigilia na kurudi akamkuta ameinama na lenzi yake juu ya ngozi za mwalimu wake. Nne zilikuwa zimewekwa upande mmoja wa meza. Ya tano alikuwa ameishika.

"Mama Rumia, hii ilikuwa mlango gani?"

"Chumba cha kulala."

"Ina upungufu. Yod moja haipo."

Yod ndiyo herufi ndogo kuliko zote, haizidi punje ya ufuta. "Imefutika?" Rumia aliuliza.

"Haikuandikwa."

Rumia alikaa. Chumba kile zamani kilikuwa na pazia tu. Mlango ulitiwa miaka minane iliyopita, na Yihye akauandikia mezuza yake mwezi uleule. Ule ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho mezani. Mambo madogo yakaanza kumrudia: kwamba mwaka ule Yihye alianza kumpa sindano amtungie uzi, kwamba samaki wa Sabato alimtaka amchambulie miiba, kwamba wakati wa kukagua mezuza zao ulipofika aliinua kila ngozi dirishani kitambo kidogo tu, akasema, "Safi," akairudisha. Yeye alidhani mwenzake anauamini mkono wake.

"Alikuwa haoni," alisema. "Mgongo gani! Yalikuwa macho."

"Mtoto wa jicho?"

"Nitajuaje? Hakuniambia. Na wewe usimwambie mtu."

Menashe aliapa. Rumia akaenda zake, na kwa siku mbili hakufunga hata kikombe. Mwaka ule Yihye aliandikia nyumba sita tu, na zote Rumia alizijua, kwa sababu ngozi alizipeleka mwenyewe. Kama zina kasoro, watu wale wamekuwa wakibusu vijumba vitupu. Akisema, jina la Yihye litachafuka, naye hayupo wa kujitetea. Alijaribu kumkasirikia mumewe, akashindwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alilala ubavuni pake asijue.

Siku ya tatu alisimama mlangoni kwa Menashe. "Chukua lenzi yako. Tunazunguka."

"Mama, watu watasema."

"Waseme. Nikinyamaza, siku nikikutana naye nitamwambia nini? Kwamba nililinda jina lake nikaacha milango ya watu mitupu?"

Walizunguka Jumapili na Jumatatu. Katika nyumba mbili za kwanza hawakuona kosa. Katika ya tatu Menashe aliikuta ngozi ambayo herufi mbili zilikuwa zimegusana, nayo ni kasoro isiyorekebishika. Mwenye nyumba, Geula, akapiga makofi.

"Kumbe! Ndiyo maana mwanangu hajaoa mpaka leo!"

"Mwanao hajaoa kwa sababu ya mdomo wako," Rumia alimjibu. "Nipe ngazi."

Simha Haddad, mwoka mikate, alisimama mbele ya mlango wake mikono kiunoni. "Yihye alinipigilia hii mwenyewe. Haibanduliwi."

"Simha, sogea."

"Sisogei."

"Unga ukiingia mende huuchekechi? Sogea."

Alisogea. Ngozi yake ilikuwa safi, herufi kwa herufi. "Nilijua," alisema Simha, akawapa mkate wa moto, na wakati wa kuagana alitazama pembeni kwa kuona haya.

Katika nyumba zote sita zilipatikana mbovu tatu. Menashe alitaka kuzifidia kwa ngozi zake, bila malipo, lakini Rumia alitoa zile nne alizozihifadhi.

"Hizo si ulitaka kuhama nazo?"

"Waliomba mkono wa Yihye. Wapewe mkono wa Yihye."

Tatu zikaenda, akabaki na moja. Zile mbovu, pamoja na ile ya chumba cha kulala, alizipeleka sinagogini, kwenye sanduku la maandiko yanayosubiri kuzikwa. Ile ya chumba cha kulala aliitumbukiza mwisho, baada ya kuifungua na kuutazama mwanya ambamo yod ilikosekana. Bila kuonyeshwa asingeuona.

Huko Rosh Haayin, shemeji yake, mume wa Badra, alimjia na nyundo siku ileile aliyohamia. Rumia alimnyang'anya. Alipima mwimo kwa shibiri, akasoma baraka, akaipigilia mezuza ya Yihye kwenye mlango wa mbele. Ya jikoni na ya chumbani zilitoka kwa Menashe.

Maneno yalisemwa, kama ilivyotarajiwa. Wako waliomwita Yihye kipofu mwenye kalamu. Wako waliosema heri yeye, mkewe amemlipia deni angali duniani. Badra, aliyekwenda sokoni Nahlaot mara kwa mara, alimletea dada yake yote mawili, na Rumia aliyapokea huku akikanda unga. Lililomfurahisha ni habari moja tu: mwezi ule waandishi wawili wa mtaani walikwenda kupimwa macho. Mmoja wao alikuwa Menashe, naye alipewa miwani.